Sampuli ya Kwanza ya Naserian Ngoitiko

Padre, wazee mliotoka Malambo, majirani wa hapa Rhotia na wote mliokuja kutusaidia kumsindikiza mpendwa wetu leo Ijumaa, tarehe 7 Machi 2025, familia inaomba utulivu wenu ili yasomwe maisha ya Naserian Ngoitiko Hhando, na anayesoma kwa niaba ya familia ni Patrisi Hhando, katekista, kaka mkubwa wa mume wa marehemu, ambaye jina lake litakutwa tena humu ndani, na litasomwa kama majina mengine yanavyosomwa.

Marehemu alizaliwa Malambo, wilaya ya Ngorongoro, tarehe 12 Aprili 1979, ingawa tarehe hiyo iliwekwa na mwalimu siku ya kuandikishwa shule, kwa kuwa mama yake mzazi, Nailantei, anachokumbuka ni kwamba ilikuwa masika na maziwa yalikuwa mengi. Tangu akiwa mdogo alisafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini, kama wafanyavyo mabinti wote wa kule, ila yeye aliuliza ni kitu gani ndani ya moshi ule kinachozuia maziwa yasiharibike, akajibiwa kwamba ndivyo inavyofanywa, jibu ambalo halikumridhisha.

Alisoma shule ya msingi Malambo kuanzia mwaka 1988 hadi 1994, sekondari hapa Karatu kuanzia 1995 hadi 1998, kisha akasomea kazi za maabara Arusha na kuhitimu mwaka 2003. Tarehe 1 Julai 2004 aliajiriwa katika maabara ya mifugo mjini Karatu, ambako kwa miaka ishirini alipima damu na maziwa, na baba yake, mzee Ngoitiko, alikuwa akiwaambia wageni, "Niliuza ng'ombe binti asome, amemaliza vyuo vyote, amerudi kunusa vibuyu," na marehemu ndiye aliyekuwa akicheka kuliko wote.

Tarehe 14 Oktoba 2006 alifunga ndoa takatifu na Emilian Hhando katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, Sabina, aliyezaliwa mwaka 2007, na Isaya, aliyezaliwa mwaka 2011.

Mwaka 2018 alianza masomo ya shahada ya uzamili, akachagua kuchunguza mafuta yanayotoa harufu kwenye mmea wa bangi, kwa kibali cha serikali, na tangu hapo wapo waliomwita Mama Bangi, hata sokoni, hata waendesha bodaboda waliomuuliza, "Mama, leo begi lina nini?" naye akawajibu, "Lina limonini, ile ya kwenye ganda la limau, njoo unuse." Familia inaona ni haki kueleza leo, kwa kuwa wengi hawakuelezwa, kwamba mvuke ulipitishwa kwenye maua yaliyokaushwa, ukabeba harufu, ukapoozwa, na mafuta yakaelea juu ya maji, kwamba ndani yake alikuta mirsini iliyomo pia kwenye mchaichai, pineni inayonukia kwenye misindano, na karayofilini iliyomo pia kwenye pilipili manga na karafuu, na kwamba kile kinacholewesha hakipandi na mvuke, karibu chote hubaki kwenye majani. Kilo nne za maua zilitoa mafuta yasiyojaa vijiko viwili vya chai.

Mafuta hayo ya kwanza yalihitaji ubaridi, na kwa kuwa umeme wa maabara ulikuwa umekatika kwa matengenezo, marehemu aliyaleta nyumbani na kuyaweka kwenye friji, ndani ya chupa ndogo yenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono wake, Mafuta ya bangi, namba moja. Jumamosi tarehe 14 Desemba 2019, Patrisi alipita hapo akitoka kwenye mafundisho ya kipaimara, akafungua friji kutafuta maji ya kunywa, akaisoma karatasi ile, akaenda kuyamwaga mafuta chooni, kisha akaiosha chupa kwa sabuni, akaipindua juu ya sahani ili ikauke. Marehemu aliporudi, Patrisi alimwambia, "Shemeji, nimewaokoa, polisi wangeingia humu." Marehemu aliitazama chupa, akasema, "Na kuiosha umeiosha, shemeji," akampakulia chakula, na hakulisema tena.

Ilimchukua miezi saba kupata kibali kingine na maua mengine. Mafuta ya pili aliyaweka juu ya vijidudu vilivyotoka kwenye vidonda na kwenye viwele vya ng'ombe wanaougua, na pale palipodondoka mafuta pakabaki duara safi la milimita kumi na nne, ambamo hapakuota kitu, lakini kwa vijidudu vya tumboni mafuta hayakufanya karibu lolote, naye akaandika yote mawili, wala hakumwahidi mfugaji yeyote dawa. Alitunukiwa shahada mwaka 2021.

Agosti 2024 alianza kuvimba miguu, vipimo vikaonyesha figo zinashindwa kufanya kazi, akatibiwa hapa Karatu na baadaye Moshi, hadi Jumatatu tarehe 3 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, alipofariki. Katika miezi hiyo Patrisi alimpelekea sala kila Jumapili, na mara mbili alianza kusema jambo la chupa, na mara zote mbili mgonjwa aliomba maji.

Juzi Sabina alimpa baba yake mkubwa kitabu cha utafiti cha mama yake ili achukue tarehe za historia hii, na katika ukurasa wa thelathini na moja marehemu ameandika kwamba sampuli ya kwanza ilipotea kabla ya kupimwa. Hakuna jina pale, wala sababu, neno ni hilo moja tu, ilipotea, na mtu aliyekuwa makini kiasi cha kuandika nusu ya milimita hakuliandika kwa kukosea. Familia imekubali lisahihishwe mbele yenu: haikupotea, ilimwagwa, na aliyeimwaga ni Patrisi Hhando.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa maabara, jumuiya, majirani waliopika na kuchota maji tangu Jumatatu, na wazee wa Malambo waliokuja na kibuyu cha maziwa kilichosafishwa kwa moshi na Nailantei mwenyewe. Ile chupa ipo kabatini kwenye vyombo, ni safi.

Umetutunza, sasa pumzika kwa amani, shemeji.