Paa la Nyasi la Nyumba ya Kengele

Tarehe 31 Desemba 2004, baada ya miaka thelathini na mitatu kazini, Baba Gaspard Irambona anastaafu ulinzi wa Nyumba ya Kengele hapa kwetu Nyarubera, mji mdogo wa madini juu ya bonde la Ruzizi. Tulibishana sana nani aandike wasifu huu. Nimeshinda mimi kwa sababu nina sauti kubwa.

Alianza kama sentineli, yaani mlinzi, wa jengo hilo la matofali, ambalo kengele yake iliwaita wachimbaji kazini. Ndani, kwenye chokaa ya ukuta, yameandikwa majina ya wachimbaji waliofukiwa na mgodi mwaka 1958. Miili haikutolewa, kwa hiyo ukuta huo ndio kaburi lao. Jina la baba yake Gaspard limo. Hata alipopandishwa cheo kuwa msimamizi wa majengo yote ya zamani, aliendelea kupafagia mwenyewe. Mgeni mmoja mkubwa kutoka Uvira aliwahi kuegemeza kiti kwenye ukuta huo. Gaspard alikisogeza kiti, mgeni akiwa bado amekikalia.

Vita vilipofika mwaka 1996 tulikimbilia kijiji cha Runingu, Gaspard akabaki. Tuliporudi, Nyumba ya Kengele haikuwa na hata bati moja. Juu yake palikuwa na nyasi, kama banda la mbuzi. Watu hawakungoja maelezo: Gaspard ameuza manjanja, mabati yote! Sokoni Mama Sidonie alimwambia usoni, “Weye Gaspard, unakula hata nyumba ya wafu?” Mama yake mzazi, Inamahoro, aliacha kukaa mbele kanisani kwa aibu. Alimkataza mwanawe kukanyaga kwake, maana amemvua baba yake paa ili mvua imnyeshee. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Alivumilia miaka mingi. Nyumba za wahandisi na ghala la mgodi viliporwa mabati, milango, hata mbao. Lakini kila kundi lenye bunduki lilipoiangalia Nyumba ya Kengele, liliona nyasi, likaenda zake.

Kiangazi cha 2003, amani ilipoanza kuonekana, Gaspard na mkewe Pélagie walituita kwenye shamba lao la muhogo, wakachimba. Mabati yote yalikuwemo, yamepakwa mawese yasishike kutu. Waliyashusha wenyewe tulipokuwa tumekimbia, wakaezeka nyasi ili majina yasilowe. Tulipouliza kwa nini walinyamaza, Pélagie alitucheka: “Minye nilikuwa ninajua kinywa yenu. Mungejua asubui, mangaribi manjanja iko mu kambi ya askari!”

Mama Sidonie ndiye aliyejitwika bati la kwanza. Mama Inamahoro aliingizwa ndani akishikwa mkono, akapapasa jina la mumewe. Lilikuwa kavu. Alimwomba mwanawe msamaha mbele yetu sote, na Gaspard akalia tu.

Tunakujivunia sana, Baba Gaspard. Asante, na asante kwako Mama Pélagie kwa kufunga mdomo katika mji usiojua kufunga mdomo. Tunawatakia afya, mavuno mema na samaki wanono wa mikeke kutoka ziwani. Funguo sasa anazo Déborah, mlinzi mpya. Mvua ikianza kupiga, wewe lala, Baba. Tutaamka sisi kuliangalia paa.