Machozi ya Karani wa Reli

Mjomba Munir ndiye aliyetusimulia haya kwanza, Jumapili baada ya Idi, tarehe 9 Juni 2019, nyumbani kwetu Muthangari. Yalitokea wiki moja kabla ya Ramadhani, kwenye benchi lililokuwa nje ya duka lake la vitambaa katikati ya jiji. Sadiq, muuza kahawa, alikuwa akimimina kahawa chungu. Walioketi ni mjomba. Haron fundi cherehani, aliyeitwa Daktari kwa kuwa alijua dawa ya kila kitu. Ajwang, karani wa posta, aliyeitwa Refa kwa kuwa aliamua kila ubishi. Na Gichuru, mwenye nyumba za kupangisha katika mtaa wa Satellite, ambaye wao walimwita Landilodi. Kwa siku tatu mkewe, Wangu, hakuwa amemsemesha. Mume na mke walikuwa wametazama pamoja filamu ya Kihindi ya karani wa reli, moja ya zile ambazo dijei huzitafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, akichomeka salamu na mizaha yake. Wote benchini walikuwa wameiona.

— Nilisema tu huyo staa hajui kulia, alianza Gichuru. Bibi yake anakufa, yeye analia kama mtu amefinywa kidole na mlango. Wangu akaniambia, "Hata mimi nikifa hutalia." Akanyamaza mpaka leo.

— Siku tatu? alisema Haron. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Wangu si mgeni, Daktari.

— Kwani nimesema ni mgeni? Nimesema jembe.

— Landilodi ako sawa, alisema Ajwang. Ile chozi ilitoka jicho moja. Mtu akilia kweli analia na mbili.

— Hiyo ni kitunguu, Refa. Wanaificha kwa mkono wa shati. Mimi nashona shati, najua mahali inaweza kaa.

— Kitunguu ya wapi? Hiyo ni kompyuta, alisema mjomba.

— Wote mmekosa, alisema Ajwang. Hao ni mapacha. Mmoja wa kucheka, mmoja wa kulia. Siku hiyo wa kulia hakuja kazi.

— Sasa hiyo ndiyo nimwambie Wangu?

— Mwambie, alisema Haron. Njia ya mwongo ni fupi, utafika haraka.

Dada yangu Mahira alikuwa amekuja kuchukua kitambaa cha mama. Aliwaamkia, akasikiliza, kisha akauliza:

— Mjomba, na huyo staa mwenyewe alisema nini hapo akilia?

Ajwang aliangalia ndani ya kikombe.

— Hapo dijei alikuwa anasalimia watu wa Kawangware, Haron alisema mwishowe.

— Akawaambia walipe rent, alisema Gichuru polepole. Mimi nilicheka. Nilicheka sana.

— Na Wangu analia hapo kando yako? aliuliza mjomba.

Gichuru aliinuka, kahawa ikiwa nusu, akaenda nyumbani.

Kesho yake aliwaeleza kwamba hakuomba radhi. Alimwuliza mkewe swali lile la Mahira. Wangu akamjibu:

— Hakusema kitu. Alikuwa anamfunga bibi yake kamba za viatu. Wewe ulikuwa unaangalia wapi?

— Nilikuwa naskiza dijei. Niwekee tena.

Waliitazama tena bila sauti. Gichuru hakusema kama alilia, na mjomba hakumwuliza.

Katika hao, mjomba alifariki Machi 2022, na Haron Novemba mwaka uliofuata. Sadiq alirudi Lamu na yu hai, kwa habari nilizopata mwaka jana. Ajwang amestaafu. Mahira yu hai. Gichuru na Wangu wako hai, wote wawili, Satellite.