Mzee Andrea na Tundu Lenye Doa Jekundu

Tarehe 30 Juni 2004 Mzee Andrea Mwakagile, karani wetu wa majalada, anakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi ya chama chetu cha wakulima wa chai hapa Makandana. Mimi nimemchemshia chai miaka kumi na tisa kati ya hiyo, kwa hiyo nikisema mzee huyu anachosha, nasema kwa ushahidi.

Aliingia mwaka 1970 na mashine ya kupiga chapa ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Enzi za ruksa, za soko huria, zilipofika na wanunuzi binafsi wakajaa, wenzake wengi walipunguzwa. Yeye akabaki, maana nani mwingine angejua jalada la mkulima wa Matwebe liko rafu gani? Na ukilirudisha rafu nyingine, siku hiyo atasema mpaka chai ipoe.

Mwaka jana ikaja kompyuta na printa yake, na pamoja nazo akaja mwanangu Tulia, kwa majaribio ya miezi mitatu. Tulia aliongoza darasa lake la kompyuta kule Mbeya. Cheti kipo sebuleni kwangu, karibuni mkione. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchapa daftari la wanachama kabla ya mkutano mkuu. Likishindikana, uongozi ulishasema, kompyuta inaingia stoo na Tulia anarudi nyumbani.

Hapo ndipo mzee alipotutoa jasho. Kila jioni, kwa kuogopa radi, alichomoa nyaya zote, hata ule wa printa. Asubuhi anachomeka tundu lolote lililo karibu na mkono. Printa kimya. Tulia ahangaike, ichape. Kesho yake kimya tena. Kwenye kioo cha kompyuta majina ya printa yakafika saba, na sisi tunayo moja. Nikamwambia aache. Akanijibu nimwachie nyaya zake, nami nishike birika langu.

Tulia ndiye aliyefumbua, na alieleza hata mimi wa darasa la saba nikaelewa. Kifaa kikichomekwa kwenye tundu la USB hujitambulisha: namba ya kiwanda, namba ya aina yake, na kazi kinayoiweza. Kiini cha mfumo, ile programu ya ndani kabisa inayosimamia nyingine zote, hukifungulia jalada na kuandika kimeingilia tundu lipi. Kisha hutafuta draiva, yaani programu inayojua kukitumikisha kifaa cha namba hizo, na kuikabidhi jalada lile. Vifaa vingine vina namba yao binafsi, ya kuvitambulisha kwenye tundu lolote. Printa yetu haina. Ikihamia tundu jingine, kompyuta inadhani ni mgeni mpya, inafungua jalada jingine, na kazi zetu zinaendelea kupelekwa kwa printa ya jana, ambayo haipo.

Mzee akasema, "Kumbe ni mimi ninayerudisha jalada rafu isiyo yake."

Siku ile ile, mzee mzima, alikwenda dukani kwa Mwantum kununua rangi nyekundu ya kucha. Akatia doa kwenye tundu moja na doa kwenye kichwa cha waya. Daftari lilichapwa siku mbili kabla ya mkutano, na Tulia akaajiriwa.

Lakini kuchomoa hakuacha, wala mimi sikuacha kunung'unika. Machi mwaka huu radi ikapiga nguzo ya umeme jirani yetu. Iliunguza redio yangu na simu ya ofisi, ambayo mwenyekiti alikataza kuichomoa. Kompyuta ilikuwa salama, nyaya zake zinaning'inia. Tangu hapo nimefunga mdomo.

Mzee Andrea, ndaga fijo, asante sana kwa yote, hata ya kuchosha. Nenda kwenye migomba yako Kawetele. Mvua ikustawishie, radi ikupitie mbali. Jana umenikabidhi kazi ya jioni, ukanionyesha mara nne. Nimeelewa. Nitachomoa zote, hata wa simu, na asubuhi nitarudisha penye doa.

Esnath, mama yake Tulia
Mhudumu wa ofisi