Fundi Mwangwi: Maisha ya Mtu Aliyetaka Mashua Ndogo Zionekane

Ndugu, jamaa, majirani na wenzetu wa gatini, mtu tuliyekuja kumsindikiza alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Mei 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kamba. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu: dada yetu mkubwa, yeye, kisha mimi ninayesoma haya. Baba alikuwa mpima mizani kiwandani, mama alishona magunia nyumbani. Uani mwa kiwanda palikuwa na tangi la chuma, refu kuliko nyumba yetu, na kaka yetu akiwa na miaka tisa aligundua kwamba akiligonga ubavuni na kusikiliza sauti inavyorudi, aliweza kusema maji yamefika wapi. Mlinzi akaacha kupanda ngazi. Kila asubuhi aliuliza, "Wewe Mwangwi, leo tuna maji kiasi gani?" Jina likamganda. Hata wauguzi waliomhudumia mwaka huu hawakumwita kwa jina lingine.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1960 hadi 1967. Darasa la sita alilirudia, kwa sababu vipindi vya hesabu alivitumia stoo akitengeneza kengele ya umeme ya shule, iliyokuwa imeungua. Mwalimu mkuu alimwadhibu kwa utoro, kisha akamwomba amalizie ile kengele. Mwaka 1973 alihitimu chuo cha ufundi katika fani ya umeme na redio.

Alianza kazi mwaka 1974 kwenye karakana ya redio, na mwaka 1977 akaajiriwa fundi umeme katika meli ya mizigo. Alitembelea bandari nyingi kwa miaka saba, na kati ya yote aliyoyaona, alilorudi nalo nyumbani ni jambo moja. Ilikuwa Juni 1981, bahari imetulia. Alikuwa kwenye chumba cha usukani akibadilisha fyuzi ya rada. Rada ikawaka, skrini ilikuwa tupu. Akatoka nje kunyoosha mgongo, akaona mashua nyeupe ya matanga ikipita karibu kiasi kwamba aliweza kumwona mwanamke aliyekaa nyuma akimenya chungwa. Akarudi ndani akatazama skrini. Bado tupu. Akamwonyesha ofisa wa zamu, na ofisa akatazama skrini tu, akasema pale hapana kitu.

Hilo ndilo lililomfanya aache meli. Mwaka 1984 alifungua chumba chake kwenye gati la boti za starehe, mlango namba sita, kati ya mshona matanga na stoo ya vilainishi. Waliokuwa wateja wake wanakumbuka hotuba aliyowapa kabla hajashika bisibisi. Mashua ya mbao au ya faiba, aliwaambia, mawimbi ya rada hayaioni. Huipita kama haipo. Ndiyo maana juu ya mlingoti hufungwa kidude cha mabamba ya alumini yaliyopachikana, chenye pembe za ndani za kuyanasa mawimbi na kuyarudisha yalikotoka. Kidude hicho huitwa kiakisi. Mtu mmoja mwenye boti kubwa alimwita afunge rada mpya, akajisifu nusu saa nzima kwamba sasa ataona hadi samaki wanavyopiga miayo. Kaka yetu akamsikiliza hadi mwisho, akamuuliza, "Sawa bosi, wewe utawaona wote. Na wewe nani anakuona?" Siku hiyo aliuza kiakisi pia.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1986. Mkewe alikuwa msomaji wa taarifa za hali ya hewa kwenye redio ya bandari, na walijuana kwa ugomvi. Kaka alimpigia simu kulalamika kwamba amesoma upepo mwanana ilhali milingoti yote gatini inapiga kelele. Shemeji akamjibu kwamba yeye husoma anachoandikiwa, na kama bwana ana upepo wake mwingine auandike alete. Akauandika, akaupeleka mwenyewe. Walijaliwa watoto wawili, binti na mwana.

Nyumbani kwao, kiakisi kimoja cha zamani kilikaa miaka mingi juu ya meza ya jikoni. Mafundi wengi hukosea kukifunga. Hukining'iniza kwa ncha, kwa sababu kwenye ncha ndiko kuna tundu la kamba, na kikining'inia hivyo mawimbi mengi hupotea, mengine angani, mengine majini. Kinatakiwa kikae kama bakuli, pembe moja ya ndani ikitazama juu, kana kwamba kinakinga mvua. Shemeji, asiyejua habari hizo, alikiweka mezani kwa namna ambayo kisingeyumba, akajaza vitunguu kwenye lile bakuli. Kaka akarudi kazini, akasimama mlangoni na viatu vyake, akamwambia, "Mke wangu, wewe peke yako ndiye umekiweka sawa kuliko gati zima." Akakataza kisiguswe.

Ninayasema hayo ili kila aliyepo aelewe linalofuata. Marehemu aliagiza lisomwe.

Jumamosi, tarehe 23 Septemba 2006, mwalimu mstaafu wa jiografia, aliyejulikana gatini kwa jina la Mwalimu, alileta mashua yake ndogo ya matanga saa kumi alasiri. Alitaka kiakisi. Kaka alikuwa nacho, ila kishikizo cha kukishikilia kama bakuli hakikuwepo. Kilikuwa kimeagizwa na hakijafika. Zilikuwepo kamba. Kwa kamba tatu na dakika ishirini juu ya mlingoti, kingekaa sawasawa. Kazi hiyo aliwahi kuifanya mara nyingi. Lakini nyumbani alikuwa na wageni wanaomsubiri mezani, na simu ilikuwa imeshaita mara tatu. Akapitisha kamba moja kwenye tundu la nchani, akakivuta juu, akafunga. Mwalimu akatazama juu na kuuliza kama ndivyo kinavyokaa.

Kaka akamwambia, "Kwa leo kitafaa. Jumatatu nitakuja kukiweka vizuri."

Mwalimu akasema kesho yake anatoka na binti yake, matembezi mafupi tu, jua likizama watakuwa wamerudi. Kaka akasema hali ya hewa ni nzuri. Wakaagana.

Jumapili asubuhi marehemu alikuwa anakunywa chai pale pale mezani jikoni. Redio ilikuwa imewashwa, na sauti ya mkewe, aliyekuwa zamu, ikasoma onyo: ukungu mzito unashuka kwenye njia ya meli kuanzia saa tatu. Aliusikia vizuri. Alijiambia kwamba Mwalimu ni mtu mzima, hawezi kutoka na ukungu. Akamaliza chai kwanza, ndipo akainuka kupiga simu. Simu ya Mwalimu haikupatikana. Alikwenda gatini mbio akakuta nafasi ya ile mashua ni maji matupu.

Meli ya mizigo iliigonga mashua hiyo saa nne na dakika kumi. Binti, aliyekuwa na miaka ishirini na mitatu, aliokolewa akiwa ameshikilia boya la kuokolea. Mwalimu hakuokolewa. Mlingoti na kilichokuwa juu yake vilizama.

Uchunguzi ulifanyika Februari 2007. Ikaonekana meli ilikuwa inakwenda kasi isiyofaa ndani ya ukungu, na aliyepaswa kuitazama rada alikuwa ameondoka kwenye skrini. Marehemu aliitwa kutoa ushahidi. Aliulizwa kama alifunga kiakisi, akajibu ndiyo. Swali lilikuwa hilo moja. Hakuna aliyemuuliza alikifunga vipi, naye hakusema. Alitoka nje, akapewa mkono na wanasheria, akashukuriwa kwa muda wake.

Tangu hapo, kwa miaka kumi na mitano, kila Jumamosi alipita mashua hadi mashua na darubini, akitazama milingoti. Kilichofungwa vibaya alikipandia mwenyewe, mwenye mashua awepo asiwepo. Watu walidhani ni moyo wa kazi. Mwaka 2014 chama cha wenye boti kilimpa cheti cha usalama, na picha ikapigwa. Mshona matanga, jirani yake wa mlango namba tano, alikuta cheti hicho stoo kimegeuziwa ukutani, akamtania, "Fundi, wenzako wanaomba vyeti, wewe umekipa adhabu?" Anasema marehemu hakucheka, na tangu siku hiyo yeye hakumtania tena kuhusu kazi.

Mkewe alijua kuna kitu. Alidhani ni lile onyo alilolisoma mwenyewe, kwamba mumewe anamlaumu kwa kuchelewa kulisoma. Miaka kumi na mitano waliishi hivyo katika nyumba moja, kila mmoja amebeba wake, na redio ya jikoni haikuwashwa tena asubuhi za Jumapili.

Februari mwaka huu wa 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa, akapata nafuu kidogo mwezi Juni, akalazwa tena tarehe 2 Oktoba. Wiki hiyo alimweleza mkewe yote, akamwomba amtafutie binti wa Mwalimu. Shemeji anasema jambo la kwanza alilolisikia moyoni lilikuwa hasira, si kwa kosa, bali kwa ile miaka. Kisha akachukua simu.

Binti huyo sasa ni mpima ardhi, anaishi mji mwingine. Alikuja Alhamisi, tarehe 20 Oktoba, wodi ya tatu, kitanda cha dirishani. Nilikuwepo. Kaka alianza kueleza kwa mdomo, akaacha, akaomba boksi la dawa na mkasi. Akakata vipande vitatu vya boksi akavipachika. Kile kidude alikishika binti, na kaka akakigeuza ndani ya vidole vyake: hivi ndivyo kinavyotakiwa kukaa, na hivi ndivyo nilivyokiacha juu ya mashua ya baba yako.

Binti akakitazama. Akauliza, "Kingekaa sawa, wangetuona?"

"Sijui, mwanangu. Nimehesabu kila namna. Kama yule mtu angekuwa kwenye skrini, na kama kiakisi kingekaa sawa, labda. Lakini hakuwepo. Sijui."

"Mimi nilikujia kwa jambo hilo hilo. Nilitaka mtu aniambie ndiyo au hapana."

"Ningekuwa nalo ningekupa."

Binti akakiweka kile kidude kitandani. Kisha akasema maneno ambayo kaka aliniagiza niyaandike siku ile ile nisije nikayasahau: "Basi usiseme ulimuua baba, maana hujui. Na mimi sitasema nimekusamehe, maana sijui nakusamehe nini. Sema ulichofanya, mahali ambapo watu wanasikia. Hicho unakijua."

Hakukaa kunywa maji aliyopewa. Kaka akaniambia nisome haya leo.

Alipofariki, nyumbani hatukuelewana. Dada mkubwa alipinga kwa siku tatu. Alisema mtu hasomewi mashtaka mbele ya jeneza lake mwenyewe, tena na mdogo wake, tena mbele ya watu ambao amewatumikia maisha yote. Shemeji akamjibu kwa upole, "Wifi, hayo si mashtaka. Ni maneno yake, na yeye hayupo kuyasema." Siku ya tatu dada akalia, ndipo tukajua kilichokuwa kinamuuma. Wageni wa Jumamosi ile aliwaleta yeye. Zile simu tatu alizipiga yeye, akimwambia kaka chakula kinapoa. Akaniomba, ikiwa ni lazima haya yasomwe, hilo nalo lisomwe. Nimelisoma, dada. Kaka hakuwahi kukutaja, wala kwa mkewe, wala kwangu, wala siku ile wodini.

Marehemu aliaga dunia Jumanne, tarehe 8 Novemba 2022, saa nane mchana, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sitini na tisa.

Kwa hiyo, kama alivyoagiza na kwa maneno aliyoyachagua mwenyewe: tarehe 23 Septemba 2006 alifunga kiakisi kwa namna aliyojua si sahihi, akamwambia mwenye mashua kitafaa, na alipoulizwa na wenye haki ya kujua, akanyamaza. Zaidi ya hapo hakujua, na sisi hatujui.

Ameacha mjane, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu watatu, dada na mdogo wake. Ameacha pia mashua mia mbili na kumi na nne kwenye gati hili zenye viakisi alivyovifunga kwa mikono yake. Binti wa Mwalimu yupo nasi. Ameomba asiitwe mbele na asiandikwe miongoni mwa waliofiwa leo, na tumemheshimu. Amekaa alipochagua kukaa. Tunamshukuru kwa kuja.

Mwenyezi Mungu ampe kaka yetu pumziko ambalo yeye mwenyewe hakuthubutu kujipa.