Fundi Majaliwa na Gia ya Mkunga Euphrasia

Tarehe 30 Juni 1958, Mzee Majaliwa bin Sadiki, fundi baiskeli wa Hospitali ya Misheni ya Nhalanga, anastaafu baada ya kututumikia miaka kumi na saba na miezi minne. Mimi, Ignas Lubinza, karani wa stoo, nimeombwa kuandika habari zake kwa sababu karakana yake na stoo yangu zinatenganishwa na ukuta mmoja wa bati, na kwa miaka karibu yote hiyo nimesikia kila alichogonga.

Mzee Majaliwa ni mzaliwa wa Tabora mjini. Alipokuwa kijana alikwenda Geita kutafuta kazi kwenye dhahabu, lakini hakuchimba hata siku moja. Aliwekwa kwenye winchi, kazi yake kupaka grisi nyaya zinazoshusha watu na ndoo shimoni, na baada ya kazi alitengeneza baiskeli za makarani. Alifika kwetu Februari 1941 akiwa na mkewe, Mama Mwanaidi, na mfuko wa spana. Mzee mmoja wa kanisa alimuuliza kama Mwislamu ataweza kufanya kazi misheni. Akajibu kwa upole, "Baiskeli bado hazijaniuliza hilo." Akaandikwa siku ileile.

Hadi mwaka 1949 baiskeli zetu zote zilikuwa za gia moja. Mwaka huo wafadhili walituletea saba zenye gia tatu, na kijiti cha kubadilishia kwenye usukani upande wa kulia. Waya mwembamba unatoka kwenye kijiti hadi ekseli ya nyuma. Ukiuvuta, gia inakuwa nyepesi, ukiulegeza, inakuwa nzito. Mzee Majaliwa alifungua gurudumu la kwanza, akapanga vyuma vyake juu ya shuka kuukuu la wodini, na kwa siku tatu hakuna aliyeruhusiwa kupiga chafya karibu.

Waendeshaji walichukua muda zaidi kuelewa. Mwinjilisti wetu, Bartholomeo, aliendesha miezi miwili kwenye gia ya tatu, ile nzito kuliko zote, akipanda vilima ulimi nje. Alipoulizwa, alisema alidhani gia zinakwenda kama madaraja ya treni, na yeye ni mtu wa daraja la tatu. Ile ya kwanza alimwachia daktari. Mzee Majaliwa hakucheka mbele yake. Alikuja kuchekea stoo kwangu.

Wengine hupima gia kwa macho. Yeye alifumba macho, akasogeza kijiti mbele na nyuma, akaongeza robo ya mzunguko wa nati kwenye waya, akasogeza tena, mpaka kidole kiridhike.

Sasa niseme habari ya mwaka 1953, ambayo wengi mnaijua nusunusu.

Mkunga Euphrasia Mageni aliungua mkono wa kulia kwa maji ya kuchemshia vyombo. Alipona, lakini kidole gumba kilikakamaa, hakikunjiki. Alirudi kwenye safari zake za vijiji kumi na kimoja, naye akawa anachelewa. Mara mbili alikuta mtoto ameshazaliwa. Mara ya pili mama alikuwa amepoteza damu nyingi na nusura afe. Msimamizi wa safari akaanza kusema Euphrasia akae chumba cha kukunja bandeji, baiskeli apewe mwingine. Lakini mkunga mwingine hatukuwa naye.

Mzee Majaliwa ndiye aliyegundua. Alipoisafisha baiskeli ya Euphrasia aliona kutu kwenye waya wa gia, mahali palepale ambapo waya hupita kila kijiti kikisogezwa. Akamngoja arudi.

"Shikamoo, Baba Mwanaidi," Euphrasia alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona hubadilishi gia?"

Euphrasia akamwonyesha mkono. "Kidole hakina nguvu. Nikikisukuma kile kijiti, usukani wote unayumba. Usimwambie msimamizi, atanitoa."

Hakumwambia mtu. Aliweka waya mpya, akaondoa grisi iliyoganda, na ili kijiti kiwe chepesi zaidi, akachukua tupa akapunguza jino dogo la chuma linalokishikilia kisiteleze. Kikawa laini kabisa. Euphrasia alikijaribu uani akacheka kwa furaha.

Siku ya tatu aliletwa amebebwa. Alikuwa amesimama juu ya pedeli akipanda ukingo wa korongo, lile jino lililopunguzwa likaachia, gia ikakwama katikati, si ya pili wala ya tatu. Pedeli zikazunguka bure, naye akaanguka juu ya mawe. Goti lilipasuka, chupa zote za dawa zikavunjika.

Msimamizi alikuja stoo kuandika hasara, nami ndiye niliyeshika kalamu. Alinitamkia niandike kwamba mwendeshaji, Euphrasia, hana uwezo tena. Mzee Majaliwa aliingia mikono ikiwa na mafuta bado.

"Ignas, futa jina hilo," alisema. "Andika langu. Yeye hakukosea. Mimi nilitia tupa mahali pasipotiwa tupa, wala sikumwomba mtu ruhusa."

"Unajua unachosema?" msimamizi aliuliza. "Mwezi ujao ndio tunamchagua mkuu wa karakana zote."

"Najua, Bwana."

Nikaandika. Akapewa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka kumi na miwili, na ukuu wa karakana ukaenda kwa fundi seremala. Msimamizi, ambaye tuseme ukweli hakuwa mtu mbaya, akamruhusu Euphrasia mwezi mmoja wa kujaribu tena. Akishindwa, ni bandeji.

Siku zilizofuata watu wa barabara ya Bugarama walimwona Mzee Majaliwa akienda na kurudi kwenye baiskeli, kidole gumba kimefungwa kwenye kipande cha ubao kwa mpira wa tyubu ili kisikunjike. Wanawake waliotoka kisimani walimpa pole ya ajali. Nilipomuuliza anafanya nini, alisema, "Nilipima gia yake kwa kidole changu. Ndipo nilipokosea."

Baada ya kilomita nyingi aligundua kwamba kidole kilichokakamaa hakiwezi kusukuma, lakini ukingo wa kiganja unaweza kuvuta, ukipata kitu kirefu cha kuvuta. Kule Geita alikuwa ameona jinsi mpini mrefu wa winchi unavyompunguzia mtu mzigo. Alikuja kwangu akaomba kijiko kikubwa cha jikoni kilichovunjika. Mpini wake akaukunja, akaufunga kwa riveti juu ya kijiti cha gia. Jino la zamani akalitupa, akaweka jipya ambalo tupa haikuligusa. Kisha akamkalisha Euphrasia juu ya baiskeli iliyosimamishwa kwenye stendi, akawa anakaza na kulegeza waya huku akimuuliza yeye, si kidole chake mwenyewe: "Hapo? Na hapo je, umesikia imeshika?" Walikaa hivyo asubuhi nzima.

Wiki ya tatu ya ule mwezi wa majaribio, mvua ikiwa imegeuza mbuga kuwa tope jeusi, mtu alikuja mbio kutoka kambi ya wachimbaji. Bhoke, mke wa mchimbaji kutoka Tarime, alikuwa na uchungu tangu jana yake. Euphrasia aliendesha kilomita kumi na nane, na kilima cha mawe akakipanda bila kushuka. Alimkuta Bhoke hajiwezi tena, mtoto ametanguliza miguu. Akamzalisha, na wote wawili wako hai. Bibi wa Kisukuma aliyekuwa akimshika Bhoke mgongo aliendelea kusema, "Wabeja, wabeja," yaani asante, hata baada ya Euphrasia kuondoka.

Habari ya bandeji haikutajwa tena. Euphrasia bado yuko barabarani, na tangu hapo hakuna baiskeli iliyotoka karakana kabla mwendeshaji wake hajaipanda na kusema gia imemkubali.

Nilipokuwa nikiandaa maneno haya nilikwenda kwa msimamizi, nikaomba ile barua ya onyo itolewe kwenye faili, mzee aondoke na jina safi. Alikubali mara moja. Mzee Majaliwa ndiye aliyekataa. "Iache," aliniambia. "Fundi ajaye ataisoma, atajua tupa iishie wapi."

Basi imebaki, na sisi tunaongeza karatasi hii juu yake.

Mzee wetu anahamia Mwadui kwa binti yake Mwanaidi. Asante kwa mikono yako, Baba Mwanaidi, na asante kwa siku ile ulipoingia stoo. Mungu akupe afya, usingizi mzuri na wajukuu wa kukusumbua. Tunakutakia maisha mema, na njia iwe tambarare.