Biasha binti Abdulkarimu, Mama Aliyewafuata Wanawe

Ndugu waombolezaji, asalaam alaykum. Marehemu Biasha alizaliwa Mbwara tarehe 4 Mei 1956, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba, 1971, na mwaka 1976 akaolewa na Mtoro, mkulima wa ufuta wa Mahege, wakajaliwa Kudra mwaka 1979.

Januari 1987 Mtoro alifariki, na Machi 9, akiwa bado ndani ya eda, Biasha akajifungua Saadi, ndipo akili ikamruka, usingizi ukamhama, akasikia sauti zisizokuwapo, hata siku moja majirani wakamkuta mtoto peke yake kwenye majaruba ya mpunga. Julai, ustawi wa jamii ukawachukua watoto wote wawili hadi makao ya watoto, Dar es Salaam, naye akapelekwa kutibiwa.

Alipopata nafuu, Novemba 1988, aliwafuata. Kudra alimrukia shingoni, lakini Saadi alimkimbia, akajificha nyuma ya mlezi wake, Bi Mwamini, aliyesema, "Mchukue tu dada, atazoea." Biasha akafuta machozi, akajibu, "Hapana, mwanangu keshaachanishwa na mtu wake mara moja, inatosha. Mimi ndiye nitakayemzoea." Akapanga chumba jirani, akauza vitumbua, akaenda kila siku kumlisha na kumwogesha, mpaka Juni 1989 Saadi alipomfuata mwenyewe.

Walihamia hapa Ikwiriri, na kwa kuwa serikali ilikuwa imesharuhusu watu binafsi kufanya biashara ya nafaka, akawa ananunua mpunga na kuuza mchele stendi, watoto wakasoma. Mwaka 1993 alihisi ugonjwa unarudi, akawashika mikono hadi kwa kaka yake, Idrisa, akasema, "Safari hii hawatachukuliwa wakilia, nawaleta mwenyewe." Akatibiwa, akapona, akawarudia. Homa kali ilimpata mwezi huu, akafariki jana, Agosti 11, 1996, akiwa ameomba jambo moja tu, kwamba wanawe wasitenganishwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliomwokota Saadi, wachuuzi wenzake, na Bi Mwamini, aliyefika alfajiri kwa basi, yuko kule kwa kina mama. Watoto watakaa pamoja kwa mjomba wao.

Mola akupokee kwa rehema, mama Kudra. Pumzika kwa amani, wanao tunao.