Shemeji Hauzi Kahawa

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa kibanda changu cha kutengeneza saa, kazi ambayo siku hizi naifanya kwa mazoea tu, maana watu wanaangalia saa kwenye simu. Mguu mmoja wa benchi ni matofali. Ukiniacha mimi mwenye ukuta, wakaaji wa kudumu ni watatu. Yupo Rufaa, ambaye kesi ya kiwanja imemzeesha mahakamani mpaka akaisomea sheria humo humo bila ada. Yupo Kiraka, mziba pancha, mtu wa methali nyingi na maana chache. Na yupo Mama Mitumba, anayetua mzigo wake wa nguo hapa asubuhi "apumzike kidogo", akaubeba tena jioni. Anayetukusanya wote ni mwenye birika, tunamwita Shemeji. Alipofika mtaani kwetu akikimbia makubwa ya kwao, neno la kwanza kulishika katika lugha yetu lilikuwa hilo, akadhani maana yake ni jirani. Akamwamkia shemeji kila mtu, wanawake kwa wanaume, mpaka askari wa doria. Tulipokuja kumweleza maana yake, alishakuwa shemeji wa mtaa mzima na hatukutaka tena kumwita vingine.

Asubuhi hiyo hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwa wakili, birika ametuachia juu ya jiko, mkaa ameufunika majivu. Tulikuwa tunajimiminia wenyewe na kutumbukiza sarafu kwenye kopo lake, kama kawaida akitoka. Ndipo akaja binti wa fulana.

Huyu ni mwanafunzi wa chuo. Yeye na wenzake wanajitolea kuwachangia wakimbizi na waomba hifadhi, wapate pesa ya wakili na nauli ya kwenda kusikilizwa. Wameosha magari, wameuza maji kwenye foleni, wamepiga kelele na kipaza sauti kituoni hadi wamekauka makoo. Fulana yake ilipokuwa mpya ilisomeka HIFADHI NI HAKI. Sasa imefuliwa mno, herufi mbili za mwisho zimebanduka.

— Shikamooni, alisema, akajibwaga pembeni ya benchi.

— Marahaba, alijibu Mama Mitumba. Kama ni mchango, mimi nilishatoa. Na pikipiki ya Kiraka mliyoiosha mpaka leo inakohoa.

— Hifadhi ni ha nini? aliuliza Kiraka, akimsoma kifuani bila haya.

— Haki, mzee. Imebanduka.

— Ndivyo ilivyo. Haki huwa haishiki kwenye pamba.

Binti hakucheka. Alitoa kalamu na karatasi, akavua kiatu kimoja akakikung'uta mchanga.

— Leo sitaki pesa, alisema. Nataka maneno. Jumatatu Shemeji anakwenda kusikilizwa, ndiyo siku ya kuamuliwa abaki au arudishwe. Kamati itakayomsikiliza inataka maelezo ya watu wanaomfahamu. Swali ni moja tu: mnamfahamuje?

— Hilo tu? Kiraka alijiweka sawa. Andika. Tunamfahamu kwa kahawa. Anauza kahawa ambayo...

— Hapo hapo, mzee. Hapo ndipo sitaki ufike.

Akatueleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo lile lile kwenye vijiwe vingi. Mwenye ombi la hifadhi haruhusiwi kufanya kazi wala biashara mpaka ajibiwe. Wao wanapiga kampeni kanuni hiyo ibadilishwe, lakini bado ipo. Ikiandikwa kwamba Shemeji anauza, ombi linaingia doa, na wakili anasema doa hilo peke yake linatosha kumrudisha.

— Ameomba lini? aliuliza Mama Mitumba.

— Kabla mimi sijaingia chuo.

— Na muda wote huo ale nini?

— Kila nikiuliza hilo, mama, naambiwa ofisi hii haihusiki.

Habari za kwao Shemeji alitugusia siku moja tu, nilipomtania kwamba amezeeka kwetu, arudi nyumbani akaoe. Aliniambia: "Kule wananisubiri barabarani, shemeji. Watu wavumilivu sana. Kaka yangu alidhani wamechoka, akarudi." Hakuendelea, na sisi hatukumwomba aendelee.

— Basi tuseme hauzi, alisema Rufaa. Yamekwisha.

— Na uongo nao hapana. Kuna mama mmoja majirani zake waliandika kwamba hasuki vikapu. Kamati ikamuuliza mwenyewe, akasema nasuka, na mikono yake ikaonekana. Yakatupwa maelezo yote, ya kwao na ya kwake.

— Kwa hiyo tukisema kweli anarudishwa, Mama Mitumba alihesabu kwa vidole, tukisema uongo anarudishwa.

— Ndiyo, mama.

— Mwanangu, kwani ninyi huko chuoni mnasomea nini?

— Mimi nasomea udongo.

Rufaa alikohoa, kikohozi chake cha mahakamani. Tulijua kinachokuja.

— Tulieni. Kisheria, mauzo yana nguzo tatu: muuzaji, mnunuzi na kusudio. Mimi kila siku natoa sarafu, sikatai. Lakini nani anaweza kuthibitisha kwamba nimekusudia? Mkono unatoa tu. Mauzo yasiyo na kusudio ni ajali.

— Ajali ya kila asubuhi, nilimwambia.

— Barabara mbaya, Fundi.

— Unazunguka mbuyu, alisema Kiraka. Wahenga walishaimaliza hii kesi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kahawa ya Shemeji ni njema au mbaya?

— Njema.

— Basi inajiuza yenyewe. Yeye amekaa kando kwenye ndoo yake, hana habari. Wakitaka kurudisha mtu, waichukue kahawa waipeleke mpakani.

— Tena hana daftari, aliongeza Rufaa, ameshaanza kunogewa.

— Hapo umenena. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hana daftari, kwa hiyo mali imeshapotea. Mtu aliyepotelewa na mali hushtakiwa? Hupewa pole.

Binti aliangalia karatasi yake tupu. Kalamu ilikuwa imesimama pale pale ilipoanzia.

— Mnahangaika bure, alisema Mama Mitumba. Yule nani yetu? Shemeji yetu. Shemeji akikuwekea kahawa mezani, amekuuzia? Amekukirimu.

— Na sarafu, mama?

— Mimi nami nimemkirimu. Mtu asimpe zawadi shemeji yake?

— Zawadi inayolingana kila kikombe?

— Sipendi upendeleo.

— Watauliza, mama. Shemeji kwa nani? Ameoa dada wa nani?

Hilo lilitupiga chenga. Tukatazamana, kisha macho yote yakaenda kwa Rufaa, kwa sababu dada yake mkubwa ni mjane na anakaa kwake.

— Acheni, alisema Rufaa. Dada yangu ana wajukuu.

— Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, alisema Kiraka. Na mimi juzi nimepita kwako, nikamsikia dada yako anakohoa.

— Ana pumu.

— Ndivyo inavyoanza.

Hapo hata Rufaa alicheka, na akili yake ikaikamata ile hoja kama mbwa na mfupa. Basi, alisema, tuandike kwamba posa imepelekwa. Zile sarafu za kwenye kopo ni mahari, inalipwa kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe. Nikamkumbusha kwamba mahari hutoa mwoaji, na hapa sisi ndio tunaompa yeye.

— Sawasawa. Mahari imekwenda upande usio wake. Kwa hiyo kuna mgogoro, na mgogoro unakwenda mahakamani. Akiwa na kesi, nani atamrudisha? Mimi nina kesi tangu nina nywele. Kuna mtu amewahi kunirudisha popote?

Kiraka alijipiga mapaja. Mama Mitumba alifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. Binti naye alicheka, lakini cheko lake lilikatikia njiani, na tulipomtazama alikuwa ameinamia magoti.

— Wazee wangu, nimechoka, alisema. Jana nimesimama kituoni mchana kutwa na boksi la mchango. Mtu mmoja akaniombea dua ndefu, amenishika mkono, halafu akatumbukiza kifungo cha shati. Tulianza wengi, wenzangu wamerudi kwenye mitihani, na mimi udongo wenyewe nimeufeli. Naombeni kitu kimoja. Nielezeni mtu tu, bila birika. Yule mtu yukoje?

Tuliona haya, tukajaribu kweli. Kiraka alisema Shemeji ni mtu wa kuamka mapema, ndiye aliyewaona vibaka wakikata kufuli la kibanda changu akapiga kelele. Vizuri, alisema binti, alikuwa anafanya nini saa hizo? Kiraka akafikiri. Alikuwa anawasha jiko. Mimi nikasema ana subira na watoto wa shule, hawafukuzi wakimzunguka. Wanamzungukia nini? Wanaota moto. Kila tulikomshika, birika lilikuwa limetangulia. Nilishtuka kuona nimekaa na mtu miaka na sijui hata anapenda kula nini.

— Mimi ninalo, alisema Mama Mitumba, kwa sauti ya chini isiyokuwa ya kijiweni. Nilipofiwa na mume wangu, watu walikuja wakaondoka. Yeye alikaa mpaka kunakucha. Kila aliyekuja kunipa pole alimkuta yuko macho. Na kahawa alimimina, ndiyo, lakini ya kwake. Hakupokea hata senti. Nilimpa akanirudishia.

— Hiyo hakuuza, alisema binti.

— Hakuuza.

Binti akaandika. Sentensi moja, tukamwona anaiandika kwa makini kama anayetunga uzi kwenye sindano. Roho zetu zilipanda. Rufaa akatoa amri kwamba tangu saa hiyo neno kuuza lisitamkwe benchini, hata kwa mzaha, na Kiraka kwa ari akachukua lile kopo la sarafu akalisukumia chini ya benchi, nyuma ya matofali.

Hapo ndipo yule bwana alipokuja. Hatukuwahi kumwona mtaani. Wa makamo, shati limepigwa pasi, mkoba wa ngozi kwapani. Alisimama mbele yetu, akalitazama jiko.

— Habari zenu.

— Nzuri.

— Samahanini. Kahawa hii ya nani?

Mtu angedhani ametuuliza siri ya serikali. Rufaa aliangalia juu. Kiraka alifungua kinywa akasema "Wahenga...", akaishia hapo, mara ya kwanza tangu nimjue. Mimi nilijibandika lenzi jichoni nikainamia saa ambayo haikuwa na kitu ndani. Binti aliikunja karatasi polepole. Bwana akangoja, akiwa mtu mwenye adabu.

— Kahawa ipi? Mama Mitumba aliuliza mwishowe.

— Hii hapa. Inayotoa moshi.

— Aa, hiyo. Hiyo tumeikuta.

Nilipoinua uso nilimwona Shemeji. Alikuwa amesimama kwenye kona ya kibanda na koti la kuazima alilovaa kwenda kwa wakili, na alikuwa amesikia. Alilitazama birika. Akatazama mahali kopo linapokaa, halipo. Akautazama mkoba wa yule bwana, akatutazama na sisi, mmoja mmoja. Yule si mtu wa kuelezwa mara mbili. Niliona aibu, na mpaka leo nikiikumbuka naiona.

Akasogea.

— Hamjambo, alisema.

— Hatujambo, tulijibu, kama tunaopokea mpita njia.

— Ndugu, yule bwana alimgeukia, wewe unamjua mwenye kahawa hii?

— Hapana, bwana. Na mimi nimekuja kumsubiri.

Akakaa. Si kwenye ndoo yake ya kando ya jiko. Alikaa benchini, pembeni kabisa, akapakata mikono, na sisi tukasogeana kumpisha bila kutazamana.

Yule bwana alihema. Alisema yuko njiani tangu alfajiri, alitaka kikombe kimoja tu apate nguvu ya kuendelea. Akatuaga, akavuka barabara. Kama alikuwa ofisa au msafiri mwenye kiu, hatujui. Tulimsindikiza kwa macho mpaka akakata kona.

— Kaenda, alisema Kiraka, akapumua. Shemeji, tumiminie basi, makoo yamekauka.

Shemeji hakuinuka.

— Tumngoje mwenyewe, alisema.

Tulitega sikio tusikie kama ni utani. Sauti haikuwa na hasira, wala utani haukuwemo.

— Wakili amesemaje? binti alimuuliza.

— Amesema nisifanye chochote. Nisishike kitu, nisitoe kitu, nisipokee kitu mpaka Jumatatu. Nikae tu.

— Na Jumatatu?

— Jumatatu wataniuliza mimi ni nani hapa.

Binti aliikunjua karatasi yenye ile sentensi moja, akaisoma moyoni, akanipa mimi kalamu nitie saini. Nikatia. Ikapita kwa Rufaa, kwa Kiraka, kwa Mama Mitumba, ikarudi. Jikoni birika lilianza kuunguruma, kisha kifuniko kikacheza, kisha ikasikika harufu ya kahawa inayoshika chini. Tuliisikia sote. Tulikaa tumebanana pale benchini tukiisikiliza ikikauka, na hapakuwa na hata mmoja wetu mwenye ruhusa ya kwenda kuiepua.